Kiboko akikukanyaga ndani ya tenti, nani anapaswa kulipa?

#1 Kivu_Bleu (Goma)
Jambo bakubwa. Mtoto wa dada yangu amelazwa hospitali, mguu umevunjika sehemu mbili. Alikwenda na vijana wenzake kwenye safari iliyopangwa na watu wanaouza matembezi ya wikendi: gari, chakula, tenti na mwongozaji, vyote ndani ya bei moja. Walipiga kambi kando ya mto, ndani ya hifadhi. Sitataja ni wapi wala ni nani, maana mazungumzo bado yanaendelea. Usiku kiboko akapita palepale. Wenzake walitoka salama, yeye akakanyagwa.

Waliopanga safari wanasema mnyama wa pori hana mwenyewe, tena kijana alisaini dechaji, ile karatasi ya kukubali kwamba akiumia hatadai. Shemeji yangu anasema watalipa wote, kuanzia mwongozaji mpaka Serikali. Mimi naona ukishapokea pesa ya mtu ili umpeleke porini na kumrudisha, akiumia mikononi mwako, unajibu wewe. Sheria yetu ya Kongo inasemaje?

#2 Chukudu_Mbili
Pole kwa mtoto. Lakini nauliza tu: mtu ameacha kitanda chake Goma, amekwenda kulala kwa kiboko. Kati yao nani amemvamia mwenzake? Labda kiboko naye anatafuta avoka wa kumtetea.

#3 Mama_Sambaza
Chukudu, utani una siku yake. Kivu_Bleu, pole sana yaya. Hospitali analipa nani kwa sasa? Chungeni faktire zote na kila karatasi ya daktari, hata ya dawa za Franka elfu mbili. Sheria itakuja baadaye, karatasi ikipotea hairudi.

#4 Maitre_Himbi
Mimi ni avoka, ila hapa naongea kama jirani tu.

Pa kuanzia ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile tunayoita Kode sivili, yaani sheria ya madai kati ya watu, kitabu cha tatu. Ni ya zamani kuliko mababu zetu, lakini ndiyo bado inafanya kazi. Someni vifungu 258 hadi 262.

Watu wote hukimbilia cha 261: mwenye mnyama, au anayemtumia, anajibu kwa hasara aliyoleta mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, amepotea au ametoroka. Ni kifungu kitamu, maana mwathirika hasumbuliwi kuonyesha kosa la mwenye mnyama. Shida ni kwamba kiboko anayejilisha mwenyewe mtoni hana anayemtumia wala anayemfunga. Mlango huo mara nyingi unafungwa mapema.

Vinabaki 258 na 259: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, au kwa uzembe na kutojihadhari, aitengeneze. Halafu 260: bosi anajibu kwa makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Kwa hiyo msipoteze nguvu kwa kuuliza kiboko ni wa nani. Ulizeni nani alichagua mahali pa kusimamisha ile tenti, na alijua nini wakati anachagua.

#5 Tembo_Rutshuru
Maitre, kwa heshima yote, hapo #4 sikubali. Mkulima akiua tembo anafungwa, anaambiwa ameharibu mali ya taifa. Tembo huyohuyo akimaliza shamba la mihogo usiku mmoja, asubuhi hana mwenyewe! Kwetu Rutshuru tumezoea: mnyama akifa ni wao, akila ni wako. Kama ni mali ya Serikali, basi 261 iisome Serikali.

#6 Maitre_Himbi
Tembo, hoja yako nimeisikia hata mdomoni mwa maavoka wenzangu, na haina ujinga. Wanasema hivi: ICCN, taasisi ya Serikali ya uhifadhi, ndiyo inasimamia hifadhi, inatoza kiingilio, inaamua nani aingie na wapi alale, basi ndiyo mlinzi wa wanyama. Upande wa pili unajibu kwamba sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi inalinda wanyama kwa faida ya taifa zima, na kumlinda mnyama asiuawe hakukupi amri juu ya miguu yake. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili. Lakini sitaweka nyumba yangu rehani kwa hilo.

#7 Gisenyi_Side
Vukeni mpaka muone. Rwanda kuna sheria ya 2011 na mfuko maalum wa dhamana: unalipa waliogongwa na gari lisilojulikana, na pia waliodhuriwa na wanyama wa hifadhi. Hakuna kubishana kiboko ni wa nani. Tanzania nao wana kifuta jasho na kifuta machozi, Kenya vilevile. Ni sisi tu tunaoachiwa kulia.

#8 Mkongo_wa_Nairobi
Gisenyi_Side, usitie Kenya na Tanzania kwenye sufuria moja. Kifuta machozi cha Tanzania, kanuni za 2011, ni pole ya Serikali. Kenya ni fidia iliyoandikwa ndani ya sheria ya wanyamapori ya 2013: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Uganda nao wakaweka mpango wa fidia katika sheria yao ya 2019.

Lakini msitamani sana. Hapa Kenya familia zinasubiri miaka hela hiyo itoke. Sheria nzuri, mfuko mtupu.

#9 Chukudu_Mbili
Afadhali yetu basi. Mfuko mtupu bila sheria, angalau hakuna wa kukudanganya.

#10 Pisteri_Mzee
Wanangu, mie nilikuwa pisteri, mfuata nyayo za wanyama hifadhini, sasa niko nyumbani na magoti yangu. Mnaongea sheria wakati hakuna aliyeuliza habari za kiboko.

Kiboko mchana anakaa majini, ngozi yake haipendi jua. Jua likishuka anapanda kula majani, anaweza kumaliza kilo 40 usiku mmoja, na kabla ya kupambazuka anarudi majini. Kupanda na kushuka anatumia njia ileile. Njia hiyo hata mtoto anaiona: pana, imechimbika kama mfereji, majani pembeni yamekatwa chini kabisa, na mavi yametapanywa juu ya vichaka, maana anayapiga kwa mkia. Ukiweka tenti hapo umeziba barabara ya mtu. Na ukisimama kati yake na maji, iwe na tochi, iwe na maombi, anakimbilia maji kwa kupitia kwako. Usitegemee moto: simba anaweza kuuogopa, kiboko akishtuka anaupita.

Kwa hiyo Kivu_Bleu, nijibu mambo matatu. Tenti ilikuwa hatua ngapi kutoka ukingoni? Kulikuwa na njia ya kiboko? Na kijana alikuwa amelala, au alikuwa amesimama nje?

Mwongozaji asiyejua kusoma ukingo wa mto si mwongozaji, ni dereva aliyeshuka kwenye gari. Ila vijana nao wanataka kulala pale maji yanapoonekana vizuri kwenye picha.

(Zamani tulikuwa nao wengi mno, kama 29,000 katika hifadhi ya Virunga miaka ya 1970. Hesabu ya 2005 haikufika 1,000. Waliwamaliza kwa nyama na meno. Sasa aliyebaki naye anaogopa watu, na mnyama mwenye woga ndiye mbaya.)

#11 Kivu_Bleu
Aksanti mzee. Hatua kama ishirini kutoka majini. Njia sijui, hakuna aliyeangalia, au aliyeangalia hasemi. Kuhusu kusimama, kuna hadithi mbili. Rafiki mmoja anasema alikuwa ndani amelala na tenti ikaangukiwa. Mwingine anasema alikuwa ametoka kukojoa na kiboko alikuwa anarudi. Mtoto mwenyewe anakumbuka kelele tu.

Na kuna jambo sikuliandika mwanzo kwa sababu nimelisikia jana: eti mwongozaji alitaka wapande juu kidogo, vijana wakakataa kwa sababu ya upepo. Mwongozaji ndiye anayesema hivyo. Vijana wawili wanakana.

#12 Lava_Baridi
Basi mada imeisha. Waliambiwa wakakataa.

Watu wa Goma tunajua hili kuliko wote. Kabla volkano yetu ya Nyiragongo haijalipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walilipa pesa nzuri kuipanda, mita 3,470, wakalala kwenye vibanda pale juu, chini yao ziwa la lava linachemka. Nani angerudi kumshtaki mtu kwamba kulikuwa na moto? Ulinunua hatari, ndiyo bidhaa yenyewe. Mtu mzima, ana kadi ya uchaguzi, amesaini karatasi. Tukianza kulipana kila mtu anapokutana na mnyama porini, hakuna atakayefungua kambi tena, na vijana wetu wanaopata mkate huko watarudi kukaa barabarani.

#13 Maitre_Himbi
Lava, polepole. Dechaji ina nguvu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Inaonyesha kwamba mtu alielezwa hatari na akakubali hatari *ya kawaida* ya safari. Haifuti kosa zito la aliyepanga, wala udanganyifu. Huwezi kumsainisha mtu leo kwamba kesho utamfanyia uzembe wowote na asidai, hasa ukigusa mwili wake. Mwombeni kijana nakala ya alichosaini. Mara nyingi ni mistari mitano ya Kifaransa iliyosainiwa juu ya boneti ya gari, saa kumi na moja asubuhi, injini inanguruma. Jaji ataangalia hilo pia.

Kwa upande mwingine, kosa la mwathirika lipo. Likithibitika linapunguza anachodai, na likiwa ndilo peke yake lililoleta ajali, linakifuta. Kama kweli waliambiwa wahame wakakataa, mzani unasogea. Ingawa nina swali: mwongozaji akikataliwa, kazi yake imeishia hapo? Dereva wa basi, abiria wakimwambia endesha haraka, akaendesha, anajitetea kwa abiria?

#14 Bukavu_Kwetu
Jambo toka Bukavu. Kule hifadhi ya Kahuzi-Biega, kabla ya kuingia kwa sokwe pale Tshivanga wanakusomea masharti: mgonjwa haingii, hakuna kukimbia, hakuna kupita mbele ya pisteri. Nilikuwepo siku bwana mmoja alipompita pisteri apate picha nzuri. Dume la mgongo wa fedha likaja moja kwa moja. Pisteri akamvuta shati, akamlaza chini, dume likasimama mbele yao likanguruma, likaondoka zake. Shati likapasuka. Mnajua bwana alisema nini tuliporudi? Alitaka kulipwa shati.

#15 Chukudu_Mbili
Na sokwe je, alilipwa kwa kusumbuliwa nyumbani kwake?

#16 Mwalimu_Katindo
Ngoja niwape kesi iliyoamuliwa kweli, maana humu tunazunguka. Ni ya Marekani, jimbo la Utah, Juni 2007. Alfajiri dubu alivamia tenti ya watu katika msitu wa serikali kuu. Wakatoa taarifa. Maofisa wa wanyamapori wa jimbo wakamsaka na mbwa mchana, hawakumpata, wakaondoka. Hakuna aliyefunga mahali pale, hakuna aliyebandika hata karatasi kwenye mti. Jioni ileile familia moja ikafika, ikapiga kambi palepale bila kujua. Usiku dubu akarudi, akamtoa ndani ya tenti mtoto wa miaka 11, akamuua.

Familia ilishtaki. Mwaka 2011 jaji wa serikali kuu akagawa kosa: asilimia 65 kwa idara ya misitu, 25 kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na 10 kwa familia yenyewe, kwa sababu ya vitu vya kula vilivyobaki ndani ya tenti. Idara ya misitu ikaamriwa kulipa dola milioni 1.95.

Angalieni hapo: hakuna aliyeadhibiwa kwa sababu dubu alikuwepo. Waliadhibiwa kwa sababu walijua kuhusu dubu *yule*, mahali *pale*, siku *ile*, wakanyamaza.

#17 Mama_Sambaza
Weee. Mtoto amekufa halafu wazazi wanapewa asilimia 10 ya kosa. Huyo jaji hana watoto.
Lakini inanifanya niulize: vijana walikuwa na nini ndani ya tenti? Nawajua, lazima kulikuwa na sambaza, vile visamaki vidogo vya kukaanga, kwenye sashe.

#18 Pisteri_Mzee
Mama, kiboko hafuati sambaza, yeye ni wa majani. Sambaza zitakuletea fisi na nyani. Nyani atakufungulia zipu ya tenti vizuri kuliko wewe mwenyewe. Kwa hiyo ile asilimia 10 ya Mwalimu haiingii hapa. Mdeni wake ni yule aliyechagua ukingo.

#19 Mtoto_wa_Lubum
Batu ba Goma, muko na bahati, ziwa Kivu haina mamba. Huku Katanga tunaendaka ku mto Lufira na mamba wanatungojea. Sasa mie nauliza: kama kuko kibao kimeandikwa "hapa kuko mamba" na mutu anaoga pale, njo anakosa yote? Na kama kibao kilianguka mwaka jana na hakuna mwenye alikisimamisha tena?

#20 Maitre_Himbi
Lubum, kibao kilichoanguka kinaweza kuwa kibaya kuliko kutokuwa na kibao. Kinaonyesha kwamba kuna aliyejua hatari, halafu akaacha kuilinda.

#21 Tembo_Rutshuru
Nimesikia vijana wanataka kurudi kumuua huyo kiboko. Ni kweli?

#22 Pisteri_Mzee
Waambieni wakae. Kumpiga mnyama anayekurukia, ili uokoe roho, ni jambo moja. Kurudi wiki mbili baadaye na bunduki ya kuazima ni ujangili, na gerezani watawakuta wengine wenye hadithi hiyohiyo. Tena watamtambua vipi? Watampiga wa kwanza watakayemwona.

#23 Lava_Baridi
Tuseme ukweli, huku kwetu mnyama wa kuogopa ana miguu miwili. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa Virunga, askari wa kike wa hifadhi akauawa akiwa nao. Hifadhi ikafungwa kwa watalii mpaka Februari 2019. Hakuna kiboko aliyewahi kufunga hifadhi.

#24 MSIMAMIZI
Siasa na vita vina uzi wake. Rudini kwa kiboko, tafadhali.

#25 Kivu_Bleu
Maitre, shemeji anataka kwenda moja kwa moja kwa prokireri, yule mwendesha mashtaka wa Serikali, mwongozaji afungwe. Inawezekana?

#26 Maitre_Himbi
Kode ya adhabu, vifungu 52 hadi 54, inahusu kuua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kutojihadhari. Kujeruhi kumo. Mwathirika anaweza kuingia kama mdai ndani ya kesi hiyo na kuomba fidia palepale. Faida yake ni kwamba uchunguzi anafanya prokireri, hamlipii nyinyi kutafuta mashahidi. Hasara yake ni kwamba mwongozaji akionekana hana kosa la jinai, mnaweza kutoka mikono mitupu baada ya kusubiri muda mrefu. Na mtu aliye gerezani halipi.

#27 Mama_Sambaza
Na huyo mwongozaji ni mtoto wa nani? Mnajua analipwa kiasi gani kwa safari moja? Mwenye gari na mwenye tenti wamekaa mjini, wanamtanguliza kijana. Mkimfunga, mama yake ndiye atampelekea chakula, na mguu wa mtoto wetu utabaki vilevile. Shikeni aliyepokea pesa.

#28 Bukavu_Kwetu
Mama Sambaza amesema. Lakini bila kumtisha mdogo, mkubwa hatasikia. Hiyo ndiyo Kongo.

#29 Maitre_Himbi
Kifungu 260 kipo kwa ajili hiyo hasa: mnamdai mkubwa kwa kosa la mdogo, bila kumlaza mdogo gerezani. Ila lazima kwanza muonyeshe kosa la mdogo. Hakuna njia ya kuruka hapo.

#30 Kivu_Bleu
Habari mpya. Leo nimeongea kwa simu na mlinzi wa pale kambini. Anasema jioni mbili kabla ya safari yetu wavuvi walimfukuza kiboko mahali palepale, alikuwa na mtoto. Wakamwambia yeye. Yeye anasema alimwambia mwongozaji walipofika. Mwongozaji anasema hakuambiwa kitu.

#31 Mwalimu_Katindo
Basi mko Utah.

#32 Lava_Baridi
Mwalimu, hapana. Kule dubu alikuwa ameshavamia tenti. Hapa kiboko ameonekana mtoni, na mtoni ndiko kwake. Wavuvi wanawafukuza viboko kila jioni ya Mungu. Ukisema kila aliyeonekana ni onyo, funga ziwa Edouard lote.

#33 Pisteri_Mzee
Kiboko mwenye mtoto si kiboko wa kila jioni. Mlinzi alijua, ndiyo maana alisema. Kama alisema.

#34 Maitre_Himbi
"Kama alisema" ndiyo kesi yote sasa. Kivu_Bleu, mwombe mlinzi aandike na asaini, aweke tarehe, na mpate jina la mvuvi hata mmoja. Fanyeni wiki hii. Mlinzi ana bosi, na bosi naye atapiga simu.

#35 Mtoto_wa_Lubum
Maitre, mie niko na swali ya pembeni. Jirani yangu anafungaka nyani mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yake, ameng'ata mtoto wangu mukono. Anasema ni mnyama wa pori, hana mwenyewe.

#36 Maitre_Himbi
Huyo ana kamba shingoni? Basi ana mwenyewe. 261, bila hata kutafuta kosa. Fungua uzi wako, na leo hii mpeleke mtoto akachomwe sindano ya kichaa cha mbwa.

#37 Chukudu_Mbili
Kwa hiyo somo ni kumfunga kiboko kamba kwanza, ndipo akukanyage.